Aliyeipa Televisheni Mgongo

Miaka yote niliyomjua mtaani kwetu Kawajense, Mwenye Banda alikaa ameipa televisheni mgongo. Watu sitini na sita wakiangalia mbele, yeye peke yake aliangalia nyuma, amekalia kreti la soda lililopinduliwa, rimoti pajani, anawatazama wao. Nasema sitini na sita kwa sababu mabenchi yalikuwa kumi na moja na kila benchi lilibeba watu sita, na nilihesabu mara mbili: mara ya kwanza mabenchi, mara ya pili vichwa. Mwanzoni nilidhani anaogopa kuibiwa. Baadaye nikadhani ana tatizo la macho. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba video ameshaiona, watu ndio bado.

Kwao sikupajua na sikuuliza. Mpanda ya miaka ile ya tisini, mtu alishuka kwenye treni na mizigo yake, na mizigo ikieleweka, na yeye ameeleweka. Yake ilikuwa televisheni moja, deki mbili, jenereta ya petroli iliyokuwa ikikohoa kabla ya kuwaka, na sanduku la kanda lenye kufuli mbili. Alijenga banda la matofali mabichi na mabati mkabala na meza yangu ya mitumba na vitenge, watu wakamwita Mwenye Banda, kana kwamba mji mzima haukuwa na banda lingine.

Mimi nilimhitaji kuliko alivyonihitaji. Sikumwambia, maana ukimwambia mtu hivyo bei inapanda. Lakini alichoonesha leo ndicho nilichotundika kesho, na ndiyo maana nilikuwa nikiegemea mlango wake wakati wengine wanadhani napunga upepo.

Jumapili baada ya ibada ilikuwa kwaya. Kwaya zile zote zilitembea kwenye bustani za watu, zikazunguka mzunguko wa barabara wenye maua, zikajipanga mbele ya ghorofa ambalo si lao. Akina mama waliokuja kwa miguu kutoka kwenye makazi ya Warundi nje ya mji walikaa wima, mikono magotini, kama wao ndio wanaopigwa picha. Sauti ya pili waliijua yote. Mimi nilidhani wanaangalia uzuri wa maua. Mwenye Banda alicheka kwa pua, akaniambia nitazame macho yao, yanapita mstari kwa mstari kama mwalimu anayekagua kucha.

"Wanatafuta atakayekosea mkono," alisema. "Asipokosea mtu, wanalia. Maana yake kuna mahali watu arobaini wanakubaliana."

Jumatatu wangekuja mezani kwangu kutaka kitenge kimoja cha watu ishirini. Ishirini vya rangi moja sikuwahi kuwa navyo. Niliwauzia kumi na viwili vya aina moja na vinane ambavyo, niliwaapia, juani vinafanana.

Ijumaa mchana ilikuwa miziki ya Zaire. Hapo walikuja walimu, makarani na madereva wa malori, na kila mmoja alikuwa na haraka ya kukueleza kwamba amefuata gitaa. Mwenye Banda aliwapenda kwa sababu walikuwa waongo wa aina moja. Mwanamke akicheza kwenye video, alisema, wanamtazama kwa adabu, kidogo kidogo, kama watu wanaoonja mboga ya jirani. Lakini mwanamume akiingia na viatu vyake vyeupe na suruali ya marinda, macho yanashuka chini yanabaki huko huko. Kila mtu pale alikuwa na mke tayari. Viatu vile hakuwa navyo hata mmoja.

Jumatano ilikuwa ya vijana, na rap ya Wamarekani. Nilimuuliza wanapata nini humo, maana hakuna aliyeelewa hata neno moja, na mimi mwenyewe nilisikia ugomvi tu. Akaniambia vijana wanapenda kunyooshewa kidole.

"Nyumbani kwao ukinyooshewa kidole unatumwa maji. Hapa ananyooshewa na mtu mwenye mnyororo wa dhahabu. Anaona kama wamefahamiana."

Mimi nikawauzia makoti ya baridi mwezi wa kumi, Mpanda, jua likiwa limesimama juu ya vichwa vyetu. Walivaa. Walitembea nayo mpaka sokoni na kurudi, wanatiririka jasho, hawajafungua hata kifungo.

Nikisema alijua watu, mtu atadhani alikuwa mtu wa watu. Hakuwa. Muziki hakuupenda, jenereta ilikuwa imemuua sikio la kushoto na la kulia alilielekeza ukutani. Hakuwahi kupigwa picha, alisema picha inamkalisha mtu mahali asipokaa. Aliapa kwamba kanda zake zote ni za kiwandani, ilhali mimi kwa macho yangu nilimwona ameunganisha deki mbili kwa waya, moja inacheza, nyingine inanakili. Ila mtoto wa mtu akiugua benchini, alizima jenereta na kumbeba mwenyewe. Na televisheni aliifunika kitambaa cheupe cha kufuma, akakifua kila wiki kwa mkono wake. Mashati yake hayakupata bahati hiyo.

Kitu kimoja alikiogopa: video kukatika.

"Ikikatika," aliniambia zaidi ya mara moja, "mtu anakumbuka kwamba amekaa kwenye benchi."

Kumbuka hilo. Mimi nalikumbuka mpaka leo, na ningependa kumlipa mtu anisaidie kulisahau.

Jumamosi ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe, na mchana banda lilikuwa la Wasukuma, wafugaji waliohamia Mwamkulu na mifugo yao. Walikuja kuangalia ngoma za kwao zilizopigwa video huko kaskazini. Mwenye Banda hakuruhusu fimbo ndani, kwa hiyo waliziegemeza ukutani nje, zimepangana, na mimi kutoka mezani kwangu nilijua idadi ya watazamaji bila kuinuka. Fimbo tisa, fimbo kumi na mbili. Nilizihesabu kwenda, nikazihesabu kurudi. Shuka za kujitanda nilizitoa kulingana na fimbo.

Nilidhani wanafuata mchezaji anayerusha jembe, au yule anayecheza na chatu. Mwenye Banda akaniita mlangoni siku moja, akaniambia niangalie vizuri. Mchezaji alikuwa kushoto kwa kioo anabinuka. Macho ya wazee wale yalikuwa kulia, juu, kwenye watu waliosimama tu.

"Wanatafuta ndugu," alisema. "Mchezaji hawana shida naye. Wanataka kumuona shangazi aliyebaki, kama bado anasimama."

Na kweli, mara moja moja mtu angeinuka benchini, anaonesha kwa mkono, anataja jina, na wenzake wanathibitisha. Basi siku hiyo huyo mtu alitembea kama amepokea barua.

Mlangoni kwa Mwenye Banda alikaa Bibi aliyeuza karanga. Alizikaanga pale pale kwenye mkaa mbovu unaofuka, na moshi ulimharibu macho, yakawa mekundu ya kudumu. Alikuwa na meno manne na maneno mengi. Alikaa kwenye kivuli cha banda kwa malipo ya kipakiti kimoja cha karanga kwa kila onesho, na ndani hakuwahi kuingia. Alisema ndani kuna joto, na kwamba yeye ameona watu wakicheza bila kulipa tangu zamani. Mimi aliniita mjukuu kila alipotaka kupunguziwa bei ya kitambaa. Nilipunguza kidogo, akanyamaza, nikapunguza tena.

Mwaka mmoja alikuja mpiga video wa harusi kwa treni ya Tabora, kamera begani kubwa kama jiwe la kusagia. Harusi ilipokwisha, Mwenye Banda alimkodi mchana mmoja arekodi kwaya ya mtaani kwetu ikiimba mbele ya banda. Alitaka kujua watu wakijiona wenyewe watakaa namna gani. Tulijikusanya kuangalia. Bibi aliacha kikaango, akawa anapigia kwaya makofi, anacheka na meno yake manne. Tulikuwa kumi tuliosimama upande wetu, niliwahesabu kwa sababu nilikuwa na kitenge mkononi na natafuta wa kumuuzia.

Ile kanda haikuoneshwa. Jua lilikuwa nyuma ya kwaya, wanakwaya wote wakatoka weusi kama nguzo. Waliotoka vizuri ni sisi tulioangalia. Mwenye Banda aliitupa sandukuni, na sisi tukasahau.

Miezi ikapita. Mfugaji mmoja mrefu, mtu mpole aliyenunua shuka kwangu kila baada ya mavuno na kuniita mayu kama mama yake, alileta kanda mpya kutoka kaskazini. Ngoma zilichezwa mwezi wa mavuno mwaka ule ule, ndugu zake wote wapo humo. Mwenye Banda alipoijaribu kabla ya Jumamosi, deki ikaitafuna. Si yote. Sekunde nne, labda tano, pale mchezaji anapomwinua chatu juu ya kichwa na kumsogeza kwa watu.

Mtu mwingine angeacha ikatike. Yeye alinakili upya, akifika kwenye pengo aweke kitu. Na kwa kuwa alijua wateja wake wa Jumamosi wanaangalia wasimamaji, aliweka wasimamaji. Akafungua sanduku, akatoa ile kanda ya kwaya, akachukua kipande cha sura iliyopigwa kwa karibu, akakichomeka, na ngoma ikaendelea kulia juu yake kwa redio kaseti. Hakuna mshono. Alijivunia sana. Nadhani katika maisha yake hakufanya kazi safi kuliko ile.

Nilikuwa nimeegemea mlango Jumamosi ilipocheza. Chatu akainuliwa. Kwenye video watu wakarudi nyuma, wanakanyagana, akina mama wanafunika watoto. Halafu, kioo kizima, sura ya Bibi. Macho mekundu. Anacheka. Anapiga makofi taratibu. Kando yake ukaonekana mkono wa mtu umeshika kitenge cha kijani, mpaka kwenye kiwiko tu. Halafu chatu tena.

Ule mkono ulikuwa wangu.

Mle ndani hakuna aliyepiga kelele. Nilisikia benchi moja likilia, basi. Yule mrefu akasimama, akasema kwa heshima, "Mzee, rudisha pale."

Mwenye Banda akarudisha. Hakujua alichokifanya, alikuwa ameipa televisheni mgongo. Aliona nyuso tu, na nyuso zilikuwa zimekaza kama ambavyo hajawahi kuziona, akadhani mtu amemwona ndugu yake.

Walimjua Bibi wote. Kila Jumamosi walinunua karanga zake. Na mwezi ule wa mavuno, wakati ngoma zinachezwa huko mbali, hakukosa mlangoni hata siku moja. Walikuwa wamezitafuna karanga zake wenyewe. Sasa yuko pale, mwendo wa siku kadhaa kwa treni, na chatu anapoinuliwa watu wote wanakimbia isipokuwa yeye. Yule mrefu alikuwa amezika mtoto wiki mbili kabla, homa ya siku tatu.

Jumamosi iliyofuata nilihesabu fimbo kumi na saba. Iliyofuata, thelathini na moja. Nilirudia, thelathini na moja. Wengine walikuja Jumanne, Alhamisi, siku zisizo za mnada, wanamwomba kwa upole arudishe pale. Mabenchi yalijaa mpaka wakasimama. Ngoma yenyewe hawakuitaka tena, walitaka sekunde nne. Na walipotoka walichukua fimbo zao wakapita mbele ya Bibi wakimsalimia, mikono miwili, wameinama. Walimsalimia mno.

Bibi mwenyewe aliona vichekesho.

"Mjukuu," aliniambia, anapepea mkaa, "wanasema nimeonekana kwenye video huko kwao. Mimi nauli ya treni nimeitoa wapi? Mngeniambia tu, ningebeba na karanga."

Alitaka kuingia ajione. Mwenye Banda akamwambia kuna joto.

Nilikwenda kwake saa sita mchana, banda likiwa tupu. Alikuwa anafuta kichwa cha deki kwa kitambaa na spiriti. Nilimwambia ule mkono ni wangu.

"Mkono upi," alisema, bila kuinua uso.

"Wa kijani. Usinifanyie hivyo, mimi si mteja."

Aliendelea kufuta. Kwa muda mrefu alifuta mahali pamoja. Nilimwambia awasimamishe Jumamosi, atoe kanda mbili, awaoneshe alivyounga. Akasema akikiri sekunde nne watamuuliza na nyingine zote, na hakuna mtu atakayeamini tena kitu kinachotoka kwenye kioo kile. Halafu akasema watampiga.

"Watakupiga," nilisema. "Wewe una mbavu. Yule pale nje hana."

Hapo aliniangalia, kama alivyowaangalia wale wa mabenchini, na akaniona mpaka ndani.

"Na wewe je? Ulikuwepo. Sema wewe. Au zile shuka hazijaisha?"

Hazikuwa zimeisha. Nilikuwa nimeteremsha robota mbili nzima za shuka kwa sababu ya zile fimbo thelathini na moja, na nyekundu zilikuwa zinakwenda vizuri kuliko wakati wowote. Nilimwambia nitasema akisema. Akasema atasema nikianza. Tukasimama pale kama watu wawili wanaobishania bei ya beseni, kila mmoja anasubiri mwenzake ateremke, na tulikuwa hodari wote wawili. Mwishoni tukapatana. Hakuna atakayesema kitu. Yeye atakitoa kile kipande, na mambo yatapoa. Nilimuuliza ile kanda ya kwaya iko wapi, angalau ibaki kama ushahidi. Akasema ameshairekodia juu, haipo.

Nimefanya biashara miaka mingi. Bei mbaya kuliko ile sijawahi kukubali.

Jumamosi akaicheza. Chatu akainuliwa, watu wakarudi nyuma, halafu kioo kikawa cheusi sekunde nne na ngoma inalia gizani, halafu chatu tena. Nilikuwa mezani kwangu na nilisikia ukimya ule kutoka ng'ambo ya barabara. Ndipo mtu akasema, si kwa sauti kubwa, "Ametoka."

Walielewa hivyo. Mchawi alijua wamemuona, akajitoa.

Walitoka mmoja mmoja. Siku hiyo hawakumsalimia. Yule mrefu peke yake alisimama, akanunua karanga, akatembea hatua chache na kuzimwaga zote chini, taratibu, kama mtu anayepanda. Kuku wa jirani walizikimbilia. Bibi akamwuliza kama zimeungua. Akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata hakukuwa na fimbo ukutani. Nilihesabu, nikahesabu tena. Ukuta mtupu hauchukui muda. Mnadani walikuwepo wengi, niliziona shuka zao, nilizijua moja moja kwa kuwa nilizitoa mimi. Bandani hakuingia hata mmoja. Mwenye Banda alikaa kwenye kreti lake akiangalia mabenchi kumi na moja matupu, jenereta inaunguruma bure. Jua lilipogeuka Bibi akafunga karanga zake, akanitania kwamba leo watu wameshiba kwao, akaondoka na kijia chake cha kila siku. Nilimwona mpaka kwenye mti wa kona. Ningeweza kumsindikiza. Nilikuwa na mteja, anashika nguo, hajasema kitu, na mteja wa namna hiyo ukimwacha umempoteza.

Waliomkuta ameuawa ni akina mama waliokwenda kuchota maji bondeni, asubuhi. Nyumba yake ilikuwa imefungwa vizuri kwa nje. Askari walikuja, wakauliza kila mtu. Mimi waliniuliza maswali mawili na nikajibu mawili, kwamba sijui na kwamba sijui. Mwenye Banda walimwuliza moja. Wale tisa wengine waliosimama nami siku ya kamera, na nawajua kwa majina, sijui waliulizwa mangapi. Hakuna aliyeshikwa.

Banda lilicheza Jumamosi mbili zaidi. Ya tatu niliona mabenchi yako nje yanauzwa. Nilinunua mawili, sikumwomba apunguze. Aliondoka na sanduku lake na televisheni iliyofunikwa kitambaa cheupe, na hakuniaga, nami sikwenda kuaga.

Ilipita miaka minne. Mji ulianza kupata mabanda mengine, yenye televisheni kubwa, na watoto wakawa wanaimba rap kwa Kiswahili, mambo ambayo yeye angekaa kuyaeleza wiki nzima. Mimi nilianza kupeleka vitenge Mwese, huko vilimani, sehemu kwa lori na sehemu kubwa kwa miguu, mzigo kichwani, kwa sababu wakulima wa kule, wengi wao wenye asili ya Burundi, wana kwaya kila kitongoji na kila kwaya inataka sare. Safari hiyo nilikuwa nimefunga vitenge ishirini vya rangi moja. Nilivihesabu Mpanda na nikavihesabu njiani.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani. Nikasikia kwaya inatoka kwenye nyumba moja ya udongo, sauti ya spika mbovu, nikaingia nikiwa na mawazo ya biashara. Televisheni ndogo ya betri ya gari. Kitambaa cheupe cha kufuma kimekunjwa pembeni. Na kwenye kreti la soda, mbele kabisa, mtu amekaa akiitazama televisheni. Watu wote walikuwa nyuma yake. Alikuwa amewapa wao mgongo.

Sikio lile bovu la kushoto, limeelekezwa kwenye spika, nililijua kabla ya kichwa. Nikakaa benchi la mwisho, mzigo miguuni.

Kanda ya kwaya ikaisha. Akabadilisha, na kabla hajabonyeza akasimama, akasema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayesema maneno yale yale kila wiki:

"Mtakayemuona kwanza ni jirani yangu wa Kawajense. Hapo yuko Kawajense, mlangoni kwangu, anaipigia kwaya makofi. Hajaenda mahali pengine popote."

Akawasha. Wanakwaya weusi kama nguzo, jua nyuma yao, vumbi la mtaa wetu. Kanda aliyoniambia haipo. Ilikuwepo. Ilikuwepo siku ile anafuta kichwa cha deki, ilikuwepo Jumamosi ile kioo kilipokuwa cheusi, ilikuwa ndani ya sanduku la kufuli mbili, hatua kumi kutoka kwenye kikaango cha karanga. Kamera ikageuka, na Bibi akatokea, meno manne, anacheka.

Watu wa Mwese wakaanza kupiga makofi pamoja naye. Walimjua. Walijua mpaka mahali anapokosea mdundo, na wakakosea naye makusudi, wakacheka. Mama mmoja aliyekaa kando yangu, mwenye mtoto mgongoni, akaniinamia akaniambia huyo Bibi wanampenda sana hapa, kila Jumapili wanamtaka yeye kwanza ndipo kwaya.

Kamera ikarudi nyuma ikatuonesha wote tuliosimama. Nikahesabu, ni tabia. Kumi na moja. Nikahesabu tena haraka kabla haijageuka, kuanzia kulia. Kumi na moja. Miaka yote nimesema kumi. Wa kumi na moja alikuwa kando ya Bibi, bega kwa bega, ameinua kitenge cha kijani, mdomo wazi, anataja bei.

Yule mama akaangalia kioo, akaniangalia mimi, akaangalia kioo.

"Mama, si wewe huyo?"

Watu wa benchi la mbele wakageuka, na wa benchi la mbele yake. Nikasema ni mimi. Uso wake ukafunguka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama mtu aliyepata ndugu.

"Basi tuambie. Bibi hajambo?"

Kule mbele sauti ya video ikapungua, ikapungua, ikaisha. Mwenye Banda akageuka kwenye kreti lake, akaipa televisheni mgongo kama zamani. Alikuwa amezeeka kuliko miaka minne. Aliniona, na alinitazama kama alivyowatazama wale sitini na sita, anasubiri kuona kitakachonitokea usoni. Nami nilimsubiri. Nikaona tunaanza tena, kila mmoja anangoja mwenzake ateremke, na nyuma yake Bibi bado anapiga makofi bila sauti.

Nikaweka mkono wangu kwenye mzigo wa vitenge, nikausogeza pembeni, nikasimama. Nikaanza kuwaambia, kuanzia kwenye kanda iliyotafunwa.